Glaida inaingia, nini kinatoka? Kujenga kigeuzi cha ishara katika Mchezo wa Maisha

Wengi wanaoujua Mchezo wa Maisha wa mwanahisabati John Conway, yaani ubao wa miraba ambamo kila mraba, au chembe, ni hai au mfu kwa kanuni chache, wameishia kwenye kumwaga vidoti ovyo na kutazama vinavyochemka. Si vibaya, hata mimi nilianzia hapo. Ila kuna kazi nyingine tamu zaidi: kutuma ujumbe kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, na njiani kuugeuza kutoka umbo moja kuwa jingine. Kinachofanya ugeuzaji huo ndicho nitakachokiita kigeuzi.

Kanuni zenyewe, kwa aliyesahau: kila chembe ina majirani 8. Chembe hai yenye majirani hai 2 au 3 inabaki hai, chembe mfu yenye majirani hai 3 kamili inazaliwa, na nyingine zote zinakufa au zinabaki mfu. Kanuni zikitumika mara moja kwenye ubao mzima, kimepita kizazi kimoja. Hizo ndizo zilizochapishwa na Martin Gardner Oktoba 1970 katika Scientific American, na hazijaongezwa kitu tangu hapo.

Kigeuzi kinafanya mambo matatu. Kinapokea ishara ya aina moja, kinatoa ishara ya aina nyingine, kisha kinarudi kuwa vilevile kilivyokuwa, hadi chembe ya mwisho. Anayeanza huangalia mawili ya kwanza tu. Glaida, yaani umbo dogo la chembe tano linalotambaa ubaoni, ikitoka upande wa pili anashangilia, kumbe nyuma kumebaki takataka ndogo ya chembe nne, na ishara ya pili ikifika inalipua kila kitu. Kwa hiyo mwongozo huu utarudi mara kwa mara kwenye usafi. Kutoa glaida ni rahisi, kazi ni kufagia.

Hatua ya 1: Andaa ubao

Pakua Golly. Ni programu ya bure ya Andrew Trevorrow na Tomas Rokicki, inafanya kazi kwenye kompyuta na ipo pia ya simu za Android. Kwa simu utaweza kufuata karibu yote, ila kidole ni kinene na chembe ni ndogo. Kuza ubao kwanza kabla ya kugusa chochote.

Hakikisha kanuni iliyoandikwa ni B3/S23, yaani kuzaliwa kwa majirani 3, kubaki hai kwa 2 au 3. Juu ya dirisha kuna namba mbili ambazo utazitegemea kuliko macho yako: namba ya kizazi na idadi ya chembe hai. Macho hudanganywa na ubao uliojaa, lakini idadi ya chembe haidanganyiki.

Maumbo nitakuandikia kwa mfumo wa RLE, ambao Golly inausoma ukinakili na kubandika. Herufi b ni chembe mfu, o ni chembe hai, alama ya $ inamaliza mstari, alama ya ! inamaliza umbo, na namba iliyotangulia inasema kitu kirudiwe mara ngapi. Mathalani 3o ni chembe hai tatu mfululizo, na 2$ ni kumaliza mstari kisha kuruka mmoja mtupu.

Hatua ya 2: Ijue ishara yako

Ishara ya kawaida ni glaida, chembe tano zinazotambaa kimshazari:

bo$2bo$3o!

Ibandike, kisha songa kizazi kimoja kimoja. Inabadilika sura mara nne, na katika kizazi cha 4 imerudia sura ya kwanza ikiwa imesogea chembe moja chini na moja kulia. Shika hesabu hii: chembe moja ya mshazari ni vizazi 4. Ukiirudisha glaida nyuma kwa chembe moja, itachelewa vizazi 4 kamili. Ukitaka kuiwahisha kwa kizazi 1, 2 au 3 tu, huwezi kwa kuisogeza. Iendeshe peke yake kwa vizazi hivyo, inakili sura uliyoipata, halafu uibandike hiyo.

Hatua ya 3: Kigeuzi kidogo kuliko vyote

Kabla ya kugeuza ishara kuwa nyingine, jifunze kuigeuza kuwa si kitu. Umbo la kazi hiyo ni mlaji, chembe saba zilizotulia, ambaye akigongwa na glaida mahali sahihi anaimeza kisha anajijenga upya. Hapa chini glaida iko juu kushoto na mlaji yuko chini kulia:

2bo$obo$b2o2$4b2o$4bo$5b3o$7bo!

Ukiuona kwa macho ni hivi:

..O.....
O.O.....
.OO.....
........
....OO..
....O...
.....OOO
.......O

Mwanzoni idadi inasoma 12. Songa kizazi kimoja kimoja bila haraka, maana hapa ndipo kuna somo. Hadi kizazi cha 2 hawajagusana. Katika cha 3 zinazaliwa chembe kati yao, kama daraja. Cha 4 daraja limekufa kwa msongamano, na kichwa cha mlaji kimeharibika. Cha 5 mlaji ameshajijenga, na imebaki chembe moja pweke juu yake. Cha 6 hiyo nayo imekufa. Idadi inasoma 7, na mlaji yuko palepale alipokuwa, hajasogea hata kidogo.

Sasa futa ule mstari mmoja mtupu katikati, yaani badala ya 2$ weka $:

2bo$obo$b2o$4b2o$4bo$5b3o$7bo!

Endesha tena vizazi 6. Ubao mtupu, idadi 0! Glaida imekufa na mlaji amekufa nayo. Tofauti ni mstari mmoja tu. Mcheza bao anaijua hali hii: kete moja ikianguka shimo lisilo lake, mtaji wote umegeuka. Mimi niliwahi kukesha na mzunguko wa chembe mia kadhaa nikitafuta kosa kwenye hesabu za muda, kumbe mlaji mmoja wa pembeni alikuwa juu kwa chembe moja. Tangu siku hiyo sibandiki mlaji kwa kukadiria. Nabandika picha nzima ya kwanza, glaida na mlaji wake pamoja, halafu nalinganisha glaida ya picha na glaida ya kweli. Tutaitumia mbinu hiyo hatua ya 6.

Hatua ya 4: Pima muda wa kurejea

Rudi kwenye picha iliyofanya kazi. Ongeza glaida ya pili yenye sura ileile ya ya kwanza, mistari 5 juu yake na safu 5 kushoto kwake. Idadi sasa ni 17. Kwa kuwa iko nyuma kwa chembe 5, itafika vizazi 20 baadaye, hivyo kizazi cha 26 kinatakiwa kusoma 7. Kikisoma 7, mlaji wako amefanya kazi mara mbili mfululizo.

Muda mfupi kabisa unaotakiwa kupita kati ya ishara moja na nyingine bila kuvuruga kifaa ndio muda wa kurejea. Mlaji ana muda mfupi mno, kwa hiyo hautakusumbua. Vigeuzi vikubwa vinasumbua, na huko mbele namba hii itaamua kila kitu.

Hatua ya 5: Kutana na Herschel

Glaida ni mjumbe mzuri kwa safari ndefu, lakini ndani ya mitambo mafundi wa Maisha hupenda umbo jingine:

o$3o$obo$2bo!

Chembe saba. Linaitwa Herschel kwa kuwa linafanana na alama ya sayari ya Uranus, iliyogunduliwa na William Herschel mwaka 1781. Lina jamaa yake wa karibu, naye ana chembe saba:

ob2o$3o$bo!

Huyu jamaa baada ya vizazi 20 anageuka mwenyewe kuwa Herschel, na anaacha bloku pembeni, yaani mraba mtulivu wa chembe nne. Wengi huanza na jamaa na kuishia na Herschel.

Bandika Herschel peke yake kwenye ubao mtupu uiendeshe. Katika kizazi cha 21 inatoa glaida yake ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu inapendwa: ni umbo lisilotulia ambalo kwa tabia yake hutema ishara mapema kabisa. Halafu inaendelea kuchemka, inatoa glaida ya pili, na katika kizazi cha 128 imemaliza. Wanabaki bloku wawili, umbo tulivu la chembe sita linaloitwa meli, na glaida mbili zinazokwenda zao. Hesabu: 8, 6 na 10, jumla 24. Soma namba ya idadi uhakikishe.

Umeona tatizo? Herschel imegeuka kuwa glaida, lakini imeacha majivu. Ukileta Herschel ya pili mahali palepale, itayakuta majivu hayo na matokeo yatakuwa mengine kabisa. Kwa hiyo Herschel peke yake si kigeuzi, ni fataki.

Hatua ya 6: Kamata glaida inayotoka

Hapa utafanya kazi ya fundi kweli. Endesha Herschel hadi glaida ya kwanza iwe mbali na moto. Angalia inaelekea pembe ipi. Chukua picha ya hatua ya 3 kwenye dirisha lingine, iteue yote, uizungushe kwa amri ya kuzungusha iliyo kwenye menyu ya Edit hadi glaida yake ielekee pembe hiyohiyo.

Songesha Herschel kizazi kimoja kimoja mpaka glaida yake iwe na sura ileile ya glaida ya picha. Ndani ya vizazi vinne lazima zifanane. Kisha bandika picha kwa namna ya Or, ambayo inaacha chembe zilizokuwepo na kuongeza mpya, ukihakikisha glaida ya picha imeilalia glaida ya kweli chembe kwa chembe. Kipimo chake ni rahisi: idadi iongezeke kwa 7 tu. Ikiongezeka kwa 8 au zaidi, umekosea. Tengua ujaribu tena.

Andika pembeni mahali alipo mlaji. Rudisha ubao kwenye kizazi cha 0, bandika mlaji peke yake mahali hapo, endesha. Mambo yakitulia idadi itasoma 26: ule 24, toa glaida moja yenye chembe 5, ongeza mlaji mwenye 7. Kamata na ya pili kwa njia hiyohiyo, idadi iwe 28. Mlaji anaweza kuwekwa mbali kadiri upendavyo kwenye mstari uleule wa mshazari. Akiwa karibu mno atamezwa na moto wenyewe.

Hatua ya 7: Mifereji

Katikati ya miaka ya 1990 David Buckingham aligundua kwamba ukiweka walaji na maumbo tulivu machache mahali maalumu, Herschel inayochemka inaelekezwa hadi izaliwe Herschel mpya mbele yake, majivu yote yaliwe, na vile vifaa virudi vilivyokuwa. Mimi nauita mfereji, maana unafanya kile kinachofanywa na mfereji wa shambani: maji yangemwagika kila upande, wewe unayapa njia moja.

Majina ya mifereji yanasomeka kama anwani. Herufi ya kwanza ni mwelekeo: F mbele, R kulia, L kushoto, B nyuma. Herufi x ikiwepo, Herschel inayotoka ni kama ile iliyoingia ikitazamwa kwenye kioo. Namba ni vizazi vinavyopita. Hivyo Fx77 ni mfereji wa mbele, wenye kugeuza kioo, wa vizazi 77. Unaisogeza Herschel chembe 25 mbele. Linganisha: glaida kwa vizazi 77 haifiki hata chembe 20. Nilipoona hilo mara ya kwanza nilidhani nimehesabu vibaya, lakini ndivyo ilivyo. Moto ulioelekezwa vizuri unamshinda mbio mjumbe wa miguu.

Kutoka kwenye mfereji huo unapata kigeuzi cha Herschel kuwa glaida karibu bure. Glaida ya kwanza ya kizazi cha 21 mara nyingi hutoka yenyewe. Ukiitaka, iache ipite. Usipoitaka, mwekee mlaji.

Hatua ya 8: Mlango wa kuingilia

Upande wa pili, glaida kuwa Herschel, ndio ulioumiza watu vichwa. Glaida ina chembe tano tu, na lazima igonge kitu kilichotulia, kiwake, kitoe Herschel, kisha kijizime na kujirudisha. Kifaa kinachotumika sana kwa kazi hii ni Syringe, alichokigundua Tanner Jacobi Machi 2015. Muda wake wa kurejea ni vizazi 78. Kinakubali pia pengo la 74 au 75, lakini si la 76 wala 77. Usidhani basi kwamba kifaa kikipita pengo fulani kinapita yote yanayolizidi. Jaribu kila pengo utakalolitumia.

Kama unataka tu kuipindisha glaida nyuzi 90 bila kuibadili, huhitaji kupitia Herschel. Tumia Snark, kiakisi kilichopatikana Aprili 2013 kwa kazi ya Mike Playle. Muda wake ni vizazi 43. Ili uone thamani ya namba hiyo: kiakisi tulivu cha kwanza cha Paul Callahan, Oktoba 1996, kilihitaji vizazi 4840 kabla ya kupokea glaida nyingine. Kati ya hapo watu walishuka ngazi kwa ngazi, 497 mwaka 1998, 202 mwaka 2001, 106 mwaka 2009, kila mmoja akipunguza alipoweza. Snark ilipokuja, maumbo yanayojirudia kila baada ya vizazi 43 na 53, ambayo hayakuwa yamewahi kupatikana, yakawezekana kwa kuzungusha glaida kati ya Snark nne.

Vyote viwili usivichore kwa mkono. Ndani ya Golly, kwenye menyu ya Help, kuna Life Lexicon. Tafuta jina, bonyeza mchoro, nao unajipakia. Kwenye folda ya Patterns, ndani ya Life, kuna pia folda ya Signal-Circuitry yenye mitambo mikubwa ya kuchungulia.

Hatua ya 9: Unganisha, kisha vunja

Mpango wa kwanza wa kujaribu: glaida, Syringe, Fx77 mmoja, halafu acha glaida ya kwanza ya Herschel itoke, na Herschel ya mwisho ipelekwe kwenye mfereji mwingine unaoimaliza. Bandika kifaa kimoja, jaribu peke yake, ndipo ubandike kinachofuata. Ukibandika vyote kwa mkupuo hutajua nani kaharibu.

Mnyororo unakwenda kwa kasi ya kiungo chake kizito. Snark ya 43 mbele ya Syringe ya 78 haikusaidii chochote, mtambo wote ni wa 78. Na hapa ndipo bunduki ya Bill Gosper ya mwaka 1970, inayotoa glaida kila vizazi 30, huwaumbua wageni: inatuma haraka kuliko vifaa hivi viwili vinavyoweza kupokea. Ile nyingine ya Gosper ya vizazi 46 inaiweza Snark, lakini kwa Syringe bado ni haraka mno. Tafuta bunduki ya vizazi 78 au zaidi, au tuma glaida moja moja kwa mkono.

Jaribio langu la kukubali mtambo lina hatua tatu. Kwanza soma idadi ya chembe kabla ya kuweka glaida, uiandike. Pili tuma glaida moja, subiri hadi kila kinachotoka kiwe mbali, soma tena. Namba iwe ile ya mwanzo pamoja na 5 kwa kila glaida iliyotoka. Tatu tuma glaida mbili kwa pengo kubwa, kisha punguza pengo taratibu, ukitumia sura nne za glaida kupunguza kizazi kimoja kimoja, hadi mtambo ulipuke. Pengo la mwisho kabla ya mlipuko ndilo ninaloliandika kwenye jina la faili.

Namba ikigoma, tofauti yenyewe inanong'ona kosa liko wapi. Ikizidi kwa 4, tafuta bloku aliyeachwa. Ikizidi kwa 6, huenda ni meli au mzinga, ambao nao una chembe sita. Ikipungua kwa 7, mlaji mmoja amekufa, na kwa kawaida ni yule uliyemweka mwisho usiku ukiwa na usingizi. Ikipanda na kushuka bila kutulia, kuna moto haujazimika. Rudi kizazi cha 0 na usonge polepole kuanzia pale glaida inapogusa kifaa cha kwanza.